Macho Makavu ya Ulbosin

Ulbosin alipewa jina hilo kwa sababu baba yake alikuwa tayari na mabinti wanne na alikuwa amechoka. Maana yake ni "awe wa kiume," yaani mtoto atakayefuata. Akafuata binti mwingine. Ulbosin alipenda kusimulia habari hiyo akiwa amekaa kwenye kitanda chake cha kufumia, na kila aliposimulia alianza kucheka yeye kabla yetu. Nataja kicheko chake kwa kuwa wengi wanaomjua sasa hawakukisikia.

Mimi ni jirani yake. Tuliolewa mwaka mmoja, tukaletwa kwenye nyumba zinazogusana ukuta, katika kijiji kilichoko njia ya kwenda Moynak. Mume wake, Sarsenbay, ni dereva wa trekta la misitu. Baridi ikianza kulegea huenda na wenzake kule ilikokuwa bahari kabla haijakauka, kupanda saksauli, vile vichaka vinavyoshikilia mchanga usiruke. Jirani zetu wengi walishahamia Kazakhstan. Yeye alikataa. Kila alipoulizwa alijibu, "Tukiondoka wote, mchanga atabaki nao nani?" Na watu walimcheka, kwa sababu upepo ukivuma kutoka kule, saksauli au hakuna saksauli, chumvi hutua mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Ulbosin alifuma mikanda ya mahema. Siku hizi hakuna anayeishi kwenye hema la sufu, lakini binti wa heshima haolewi bila hema kusimamishwa uani siku ya arusi, na hema halisimami bila mikanda. Mikanda ya Ulbosin ilikuwa myeupe, na juu yake sufu nyekundu na ya kahawia imesimama kama manyoya ya mwanakondoo, pembe za kondoo dume zikifuatana bila kukosea hata uzi. Wateja walimfuata kutoka Kungrad, kutoka Chimbay, wakangoja zamu yao bila kulalamika.

Ugonjwa ulianza kama jambo la kuudhi tu. Aliniita akaniambia, "Hebu niangalie, kuna mchanga humu." Nikamgeuza ukope kwa kijiti cha kiberiti, nikatazama. Hakuna kitu.

"Angalia vizuri, wewe. Nausikia unatembea."

"Nimeangalia. Pana wekundu tu."

Asubuhi kope zilimganda kama zimepakwa gundi. Jioni macho yalimwaka. Na cha ajabu, akitoka nje kwenye upepo, machozi yalimwagika mpaka kidevuni. Ndiyo maana hakuna aliyefikiria ukavu. Sarsenbay alimtania, "Wewe una chemchemi humo, tukuunganishe na bomba la kijiji." Baadaye chemchemi ikapungua, kisha ikaisha, na ule mchanga ukabaki.

Tulifanya kila tunalojua. Alikandwa kwa majani ya chai. Mke mdogo wa jirani, aliyekuwa ananyonyesha, alimkamulia maziwa machoni. Mtu akamletea asali, ikamfanya apige mayowe. Kisha akapata sokoni kichupa cha matone yanayoondoa wekundu. Akitia, baada ya muda mfupi macho yanakuwa meupe kama ya msichana, naye anafurahi. Dawa ikiisha nguvu, wekundu unarudi mkali kuliko mwanzo, anatia tena. Akaendelea hivyo zaidi ya mwaka.

Na katika mwaka huo alipata wa kumlaumu. Kupitia ukuta nilikuwa nasikia.

"Ni upepo wako huu," alimwambia mumewe. "Dada zangu wote wako Aktau, macho yao mazima. Mimi nimekaa hapa nakula chumvi kwa macho, kwa ajili ya vichaka vyako."

"Mama Miyrigul," alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "upepo si wangu."

"Ni wako! Umeuchagua. Mimi hukuniuliza."

Sarsenbay hakuwa mtu wa kubishana. Alitoka uani akajitia kushughulika na trekta. Lakini nilijua yanamwingia, kwa sababu alianza kuziba madirisha kwa karatasi za nailoni, akatundika shuka zilizoloweshwa milangoni, na siku moja akarudi na miwani ya waendesha pikipiki, ile inayobana uso pande zote. Ulbosin alipoivaa, dada yake Sarsenbay, Tazagul, alikuwepo.

"Wifi, unakwenda mashindanoni?" akasema Tazagul. "Tukuletee na kofia?"

Tazagul ni mtu wa namna hiyo. Hana roho mbaya ya kupanga, ila ulimi wake hutangulia.

Uzi ulipoanza kumpotea ndipo Sarsenbay alipompakia kwenye gari wakaenda Nukus kwa daktari wa macho. Nami nikaenda, kwa kuwa Ulbosin hakutaka kuingia peke yake. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Paraxat. Alimuuliza maswali ambayo sisi tuliona hayana uhusiano wowote na macho.

"Mama, unaweza kumeza mkate mkavu bila chai?"

"Nani anayemeza mkate mkavu bila chai?" alisema Ulbosin.

"Mimi naweza," alisema daktari kwa upole. "Na vidole? Vinauma asubuhi?"

Vilikuwa vinauma. Meno pia yalikuwa yanamvunjika vipande vipande, jambo ambalo alikuwa akilificha kwa kuziba mdomo akicheka. Daktari akachukua vikaratasi viwili vyembamba, akavikunja ncha, akavichomeka chini ya kope, kimoja kila jicho, akamwambia afumbe. Tukangoja. Alipovitoa akatuonyesha. Kwa mtu mwenye macho yenye afya, alisema, unyevu hushuka mpaka zaidi ya nusu. Vya Ulbosin vilikuwa vikavu kama vilivyotoka kwenye pakiti. Akamtia rangi ya manjano, akamulika kwa taa ya bluu, akaniita nichungulie. Kioo cha jicho kilikuwa na vidoa vidoa kila mahali, kama ukuta ulionyeshewa mvua ya mawe.

Akatueleza. Chozi si maji matupu. Lina maji, juu yake mafuta membamba yanayozuia maji yasikauke, na chini yake ute unaoyashikisha kwenye jicho. Mengine ni ya kulia na ya moshi, lakini yapo yanayotoka muda wote bila mtu kujua, na hayo ndiyo chakula cha jicho. Mwili wa Ulbosin, kwa sababu ambayo hakuna aijuaye, ulikuwa umevigeuka vile vinavyotengeneza machozi na mate, unavila kidogo kidogo.

"Kwa hiyo ni upepo," alisema Ulbosin.

"Upepo unakuzidishia, mama. Haukukuletea. Hata ungeishi Aktau au Almaty, ungeupata huu."

"Na dawa yake?"

"Ya kuuondoa haipo. Ipo ya kuutunza, kila siku, maisha yote."

Ulbosin akamgeukia mumewe. Sarsenbay alikuwa ametazama sakafu, na nilimwona akishusha pumzi, mabega yakilegea kama ya mtu aliyetua gunia. Sikuwa peke yangu niliyeona. Tulipokuwa njiani kurudi, Ulbosin akasema, "Umefurahi."

"Sijafurahi."

"Nimekuona ulivyopumua."

Sarsenbay akaendesha gari. Mbele kidogo akasema, "Muda wote huu nililala nikijua mimi ndiye niliyekupofusha. Nikipumua mara moja, nisamehe."

"Afadhali ungekuwa wewe," Ulbosin akamjibu. "Wewe ningekusema ukasikia. Sasa nimseme nani?"

Tangu hapo alijitunza kama mtu anayetunza mtoto mchanga. Ile dawa ya sokoni aliitupa. Alipewa matone yasiyo na kihifadhi, kwenye vichupa vidogo vya kutumia siku moja, akatia kila saa. Asubuhi na jioni alijiwekea machoni kifuko cha mtama uliopashwa moto, kisha akakamua kingo za kope kwa kidole ili mafuta yatoke. Usiku alipaka mafuta mazito. Daktari alikuwa amemwonya kwamba mtu anayekazia macho kazi husahau kupepesa. Basi akajizoesha, kila akishindilia uzi kwa ubao, anafumba macho kabisa kisha anafumbua. Ukipita dirishani ungedhani anasali.

Utunzaji huo ulimsaidia kiasi. Haukumtosha. Vidoa vilizidi, na mwanga wa mchana ukawa unamchoma. Ndipo daktari Paraxat alipotaja Tashkent. Kule kulikuwa na hospitali inayotengeneza matone kutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe: wanaitoa, wanaitenganisha, yale maji yake ya manjano wanayageuza dawa ya macho. Yana vitu ambavyo chozi linavyo na dawa ya dukani haina. Ila lazima yagandishwe. Kichupa kikishayeyuka, kitumike siku ile au kitupwe, kwa sababu hakina chochote cha kuua vijidudu.

"Sasa nitajililia damu yangu," alisema Ulbosin, akacheka, mkono mdomoni.

Sarsenbay alimpeleka kwa treni, akarudi naye wamebeba sanduku la barafu magotini kama wamebeba kuku wa mayai. Friji lao halikuwa na nafasi. Nyama yote ikahamia kwangu.

Na yakafanya kazi. Sijui niseme vipi furaha ya kiangazi kile. Siku moja alisimama mlangoni, bila miwani, akaniambia, "Biybisara, umezeeka!" Alikuwa hajaniona vizuri muda mrefu. Akaanza mkanda wa Miyrigul, binti yake wa pekee, aliyekuwa ameposwa na kijana wa kabila letu, Mkarakalpak aliyekulia Kazakhstan, na arusi ilipangwa vuli. Alifuma tangu asubuhi, akitia tone, akifumba, akifumbua. Ule mkanda haukuwa na mfano. Miyrigul alikuja mara moja kutoka chuoni, akaupitisha vidoleni, akasema, "Mama, huu nitauogopa kuufunga."

Kuelekea mwisho wa joto umeme ukakatika. Huwa unakatika, lakini unarudi. Mara ile haukurudi siku nzima, wala siku ya pili. Sarsenbay akaenda hadi Moynak kutafuta barafu, akakuta waliokuwa nayo wanaitia kwenye samaki wao. Alipoweza kupata kidogo na kurudi, vichupa vyote vilikuwa vimeyeyuka.

Ulbosin alimwambia amevitupa. Mimi pia aliniambia hivyo. Sarsenbay akampigia daktari, akaambiwa damu nyingine haiwezi kutolewa mpaka ipite miezi, kwa kuwa ya Ulbosin ilikuwa pungufu. Arusi ilikuwa karibu sana.

Hakuwa amevitupa. Alivifunga kwenye kitambaa akaviweka chini kwenye shimo la kuhifadhia viazi, mahali penye ubaridi, na alikuwa akishuka kila asubuhi kujitia. Aliniambia haya baadaye, akiwa amelala hospitalini. Alisema, "Nilivinusa. Havikuwa na harufu. Nikasema, mpaka arusi tu. Nimwone mwanangu uso wake siku ile, kisha litakalokuwa na liwe."

Alimwona. Siku hiyo hema lilisimamishwa uani, mkanda ukalizunguka, na Ulbosin alisimama mbele ya Miyrigul akamrekebisha ushungi kwa vidole vilivyokuwa na uhakika. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Tulidhani ni usiku wa kupika. Kisha ukafika ule wakati wa bibi arusi kuwaaga wa kwao kwa wimbo. Miyrigul akamkumbatia mama yake shingoni, akaimba kwa kilio, kama inavyotakiwa, kwamba mlango wa mama sasa ni mlango wa wageni, kwamba nani atamsuka tena nywele. Wanawake wote tulilia. Hata mpishi alilia.

Ulbosin alitikisika mwili mzima. Koo lake lilitoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Uso wake ulijikunja wote, na ulikuwa mkavu.

Tazagul akasema, si kwa sauti kubwa, lakini pale mahali watu walikuwa wamenyamaza: "Wengine hata mtoto wao akichukuliwa hawapati la kumwaga."

"Tazagul, unajua ni ugonjwa," nilimwambia.

"Ugonjwa! Ugonjwa unazuia hata tone moja? Mama mzazi?"

Wakwe walikuwa wakisikiliza. Miyrigul akajitoa kifuani mwa mama yake, akamtazama. "Mama," akasema, "hata leo?"

"Yamo," alisema Ulbosin. "Mwanangu, yamo humu. Hayana pa kutokea."

Miyrigul akainamisha kichwa kama anayekubali. Wakamchukua, akapanda gari, hakugeuka. Labda ushungi ulimzuia. Ulbosin alibaki amesimama kwenye vumbi la magari mpaka Sarsenbay alipomshika mkono.

Maumivu yalianza kabla hata hatujamaliza kuosha masufuria. Jicho la kulia lilivimba, na katikati ya kioo chake pakatokea doa jeupe kama punje ya mchele. Tulipofika Nukus, daktari Paraxat alitazama, akavua miwani yake, akaifuta, akavaa tena. Wadudu walikuwa wameingia na matone, wakakuta kioo kimechanika kila mahali, wakachimba. Walimpa dawa kali mchana na usiku. Doa likatoboka. Jicho likapotea. Ili angalau libaki mahali pake, lisitolewe, wakamshona kope za juu na za chini pamoja.

Lile la kushoto halikuingiwa na wadudu, lakini lilianza kuota mishipa na makovu. Ulbosin aliuliza kama wanaweza kumpa tena matone ya damu yake.

"Kwa mtu anayekaa penye umeme wa uhakika, ndiyo," alisema daktari. "Kule kwenu, mama, nitakuwa nakupa sumu kwa mkono wangu."

Usiku uleule Sarsenbay akaniambia amekata shauri: watahama. Nukus, au popote. Trekta watampa mtu mwingine. Asubuhi akamwambia mkewe, akapiga magoti kando ya kitanda cha hospitali, mtu mkubwa yule mwenye mikono iliyopasuka.

Ulbosin alimsikiliza mpaka mwisho. "Ningelisikia neno hili nikiwa na macho mawili," akasema, "ningekubeba mgongoni nikakutoa kule mwenyewe. Sasa nikakae ghorofani Nukus nifanye nini? Kwetu najua ukuta uko wapi."

"Lakini matone, mama Miyrigul. Jicho moja bado."

"Daktari," aliita Ulbosin. "Nikihama leo, hili jicho litanifuma mkanda?"

Daktari Paraxat hakuwa mwongo. Alisema huenda likaona mwanga na vivuli kwa miaka kadhaa zaidi. Kufuma, hapana.

"Umesikia," Ulbosin akamwambia mumewe. "Inuka, unachafua suruali."

Walirudi. Sarsenbay alimwomba zaidi ya mara moja, hata akampeleka kuangalia chumba cha kupanga karibu na soko la Nukus. Ulbosin akasimama katikati ya chumba, akasikiliza magari, akasema anataka kwenda nyumbani. Mwisho Sarsenbay akaacha kuomba. Wateja wa mikanda walikuja wachache, wakanywa chai ya maziwa, wakazungumza habari za hali ya hewa, wakaondoka. Hawakurudi tena.

Majira ya saksauli yalipofika, Sarsenbay akaenda na trekta kama kila mwaka, na mimi nikachukua kazi ya kumtia Ulbosin matone mchana. Haya ni ya dukani, ya kawaida. Yanapunguza kuwaka, basi. Hukaa kwenye kile chumba cha madirisha ya nailoni, shuka mbichi mlangoni, kifuko cha mtama usoni. Hazungumzi sana. Mkate haumezi tena hata kwa chai. Namlowekea kwenye maziwa.

Juzi Miyrigul alipiga simu kusema hawatakuja sikukuu ya mwaka mpya wa machipuko, mkwe wake hajisikii vizuri. Nilimshikia simu Ulbosin sikioni. Akauliza afya za wote mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mwanangu, ile siku. Nilitaka ujue. Ndani yangu nilikuwa—"

"Najua, mama," alisema Miyrigul. "Ni ugonjwa. Tulishazungumza." Alisema kwa sauti ya mtu anayekubali ili yaishe. Nyuma yake mtu alikuwa akimwita mezani. Wakaagana.

Nje upepo ulikuwa umeanza, nailoni inapiga dirishani. Ulbosin akaniuliza kama saa ya dawa imefika. Haikuwa imefika, lakini nikamwinua kichwa, nikamvuta ukope wa jicho la kushoto, nikatia.

"Limeingia?" akauliza.

"Limeingia."

"Sijalisikia. Tia lingine."

Nikatia lingine.